Mashine Yenye Adabu

Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, fundi cherehani alikuwa akimweleza muuguzi aliyeketi naye kwamba anakwenda ng'ambo kumwona mjukuu wake wa kwanza, na pesa za nepi benki haitaonja hata senti.

"Basi sikia, mama," alisema muuguzi. "Ukitoa pesa kule, mashine ya benki itakuuliza kama ikate akaunti yako kwa pesa ya nyumbani. Kataa! Kiwango chake cha kubadilishia ni cha kunyonya. Chagua pesa ya kule."

"Nikatae, mwanangu, na imeniuliza kwa adabu?"

"Adabu ya paka kwa panya! Haya, mimi ndiye mashine. Mteja wetu mpendwa, nikubadilishie?"

"Nibadilishie, mwanangu, kama si usumbufu."

Tuliokaa nyuma yao tulicheka mpaka tukaegemeana. "Nepi zimeliwa!" akalia muuguzi. "Tena!"

Fundi alirudia na kurudia, hadi "Sitaki!" yake ikatikisa vioo. Tukampigia makofi kama bibi harusi.

Basi likasimama. Kondakta, sanduku la fundi mkononi, akamwinamia kwa upole. "Mama, tumefika. Nikushushie mzigo?"

"Sitaki!"

Basi zima lilishangilia, isipokuwa kondakta, aliyelirudisha sanduku mahali pake.