Blanketi la Waimbaji Lililokaa Kwangu

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba hiyo feni izimwe. Na nyie mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi. Sauti yangu ndiyo hii mnayoisikia, inakwaruza kama mwiko kwenye ukoko, na hapo nimejitahidi.

Wageni wenzangu wa jiji hili, nimewaona karibu wote. Dada yetu wa Bujumbura tu, yule anayekaaga pale karibu na mlango, leo tena simwoni. Haya.

Wengi mnanijua kama fundi cherehani, yule mama Mtanga wa mtaa wetu huu wa Jeppestown anayewapunguzia suruali. Msichojua ni kwamba mwenzenu nilikuwa mwimbaji. Tena wa jazi! Mnacheka? Chekeni, hata mama yangu angecheka.

Ilianza na hizo hizo suruali. Kule Alexandra, upande wa pili wa jiji, kuna chama cha wazee wapenda jazi. Jumapili mchana wanakutana, viatu vimeng'arishwa, kofia upande, wanapiga santuri na kucheza mmoja mmoja huku wengine wakipiga miluzi. Mimi ndiye niliyekuwa nawashonea suti. Siku moja nikapeleka mzigo, nikamkuta mama mtu mzima, kila mtu anamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Akanipa sahani, akaniambia kaa ule. Nikakaa, bendi ikaanza, na chakula kikanishinda kwa kusikiliza.

Gogo ndiye aliyenisimulia habari za tuzo yao. Enzi za ujana wake alikuwa akiimba pale. Kila mwaka chama kilitoa zawadi kwa mpiga saksafoni, kwa mpiga besi, kwa mpiga ngoma, wanaume watupu. Wanawake waliimba, wakapigiwa makofi, halafu wakaambiwa asanteni, sasa pakueni. Mwaka mmoja Gogo akachoka. Akaweka upawa chini, akapanda jukwaani, akavua blanketi alilojitanda mabegani na kumvika msichana aliyetoka kuimba. Akasema, "Tuzo ya waimbaji ni hii. Na leo kila mtu ajipakulie." Wanaume wakatazamana na masufuria!

Tangu hapo ikawa desturi, na blanketi ni lile lile. Aliyeshinda anakaa nalo mwaka mzima na kulishonea kiraka cha nguo yake mwenyewe. Mwaka ukiisha analileta kwa mkono wake, anamvika mshindi mpya huku akianza wimbo, na mpya anaupokea. Lakini blanketi haliombwi. Kulidai ni kumvunjia mtu heshima. Basi lilikuwa na kiraka cha sare ya kanisa, cha aproni ya mfanyakazi wa ndani, cha sketi ya shule. Ukilikunjua unawaona wanawake wote wale.

Gogo alinisikia naimba huku nikipima mtu kiuno, akanisukuma jukwaani. Nikaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, kama alivyokuwa akiuimba mama yangu kule Tanga, bendi ikanifuata polepole. Neno hawakuelewa hata moja, lakini Gogo alilia. Siku ya tuzo nikavikwa mimi. Mimi mgeni! Nikashonea kiraka cha kanga ya marehemu mama. Sijawahi kufurahi vile, na sijui kama nitafurahi vile tena.

Halafu shingo ikavimba. Tezi. Daktari aliniambia kabla ya operesheni kwamba mshipa wa sauti upo karibu na unaweza kudhurika, nikakubali, ningefanyaje? Nilipozinduka nikamwita mwanangu. Ikatoka pumzi tupu.

Operesheni ile sikumwambia mtu wa chama. Niliona aibu, ndugu zangu, kama vile nimepoteza kitu nilichoazimwa. Siku ya kulirudisha blanketi ikafika. Nikajiuliza, anayevisha lazima aanze wimbo, sasa mimi nitaanza na nini? Nikasema nitangoja, watatuma mtu aniambie njoo hivyo hivyo. Hawakutuma. Hata wale wateja wangu wa suti wakaacha kuja dukani. Nikasema eish, basi wamenikasirikia. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, blanketi limekunjwa kabatini, na kule Alexandra wasichana wanaimba na hakuna anayevikwa. Usingizi ulikuwa haba. Kula sikutaka, kushona nilishona kwa mazoea tu.

Aliyenitoa ni mama mmoja msusi, Mkongo, yumo humu humu, simtaji asije akavimba kichwa. Alikuja kuchukua gauni, akaliona blanketi nimelitoa kulianika. Nikamweleza yote. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Beko banakungojea, na weye uko unabangojea. Sasa nani atatangulia?"

Nikamjibu kwamba desturi yao siwezi kuitimiza.

"Uliuliza?"

Nikaanza kulikunja blanketi.

"Vaa viatu, mama."

Tukaenda kwa Gogo. Kila robot, hizi taa za barabarani, tuliposimama nilitaka kushuka nirudi. Mlango ukafunguliwa na binti yake Gogo. Alipoliona blanketi mikononi mwangu, alikaa chini pale pale kizingitini. Gogo walimzika wakati wa baridi, akaniambia. Na mimi wakati wa baridi nilikuwa hapa, safari ya teksi moja tu, nashona mikono ya makoti.

Nikamwomba msamaha kwa hii sauti yangu. Akashtuka, akasema, "Hatukujua unaumwa! Mama alidhani unatuogopa. Alisema, watu wetu hapa wamewapiga wageni, wamewachomea maduka, kwa nini arudi? Akatukataza hata kupita dukani kwako, usije ukadhani tumekuja kudai. Alisema aibu ni yetu, tungoje. Kila Jumapili alikuwekea kiti."

Nawaambia kweli, pale nililia. Mimi kwangu nimejifungia kwa aibu, yeye kwake ananionea aibu, na kila mmoja anadhani anamstahi mwenzake. Sauti ilichukuliwa na ugonjwa, hiyo nimeshaikubali. Lakini Gogo ningeweza kumwona. Hilo halijanitoka, na sisemi uongo mbele yenu kwamba limenitoka.

Jumapili iliyofuata wazee walikutana. Kiti cha Gogo kilikuwa pale, hakuna aliyekikalia. Walimchagua msichana mmoja wa kwao, mwembamba. Nikamvika blanketi. Nikaanza wimbo wa mama yangu, nikapata maneno matatu, la nne likakatika. Yule mtoto hakungoja. Akaupokea wimbo pale pale ulipokatikia, kwa Kiswahili cha kubahatisha, akaenda nao. Kumbe Gogo alikuwa akiuimba ule wimbo jikoni, wote wakaushika.

Tangu siku hiyo nalala. Wateja wa suti wamerudi, na wanabishana bei kama zamani. Namshukuru binti wa Gogo, namshukuru yule msusi aliyenivalisha viatu, nawashukuru nyinyi mliovumilia kunisikiliza bila feni.

Somo langu ni dogo. Kumwacha mtu kwa heshima na kumtupa, kwa yule aliye ndani peke yake, ni kitu kimoja. Mimi sikuweza kutofautisha.

Sasa turudi kwa dada yetu wa Bujumbura. Ni mara ya ngapi hajaja? Tumesema ana mambo yake, tumesema tusimsumbue, akiwa tayari atakuja. Nani amepita kwake? Mkono juu.

Hakuna. Hata mimi.

Basi chai itatusubiri. Kwake napajua. Nani tunakwenda wote?