Upande na Hereni Zake za Moja Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, na mwenye kazi mkononi aendelee nayo huku akitusikiliza. Leo tunamkumbuka fundi wa hereni tuliyemzika Jumamosi iliyopita. Mtaa mzima ulimwita Upande. Ulimwita hivyo kwa sababu alivaa hereni moja tu, sikio la kushoto. La kulia lilikaa tupu miaka kumi na mmoja. Waliomwona mara ya kwanza walidhani ameangusha nyingine njiani. Hakuiangusha. Aliigawa.

Upande alikuwa mshonaji kiwandani. Kiwanda kikafungwa, akarudi nyumbani na koleo dogo la kukazia vifungo. Jirani yake, fundi umeme, alikuwa akitupa feni zilizoungua. Upande akaomba zile feni. Ndani yake mna waya wa shaba, mwembamba kama uzi. Aliukunjua, akaunyoosha, akaugonga kwa nyundo, akausokota kuzunguka shanga. Meza yake ilikuwa dirishani, kando ya jiko, maana hapo ndipo mwanga ulipoingia vizuri.

Hereni zilikuwa nzuri. Shida ni kwamba hakuna aliyezijua. Bango hakuliweza. Tangazo la gazeti hakuliweza. Ndipo akabuni njia yake. Alichukua jozi, akaigawanya, akampa mtu hereni moja bure. Hakumpa mtu yeyote tu. Alimpa anayeonwa na wengi: msusi, mfamasia, dada wa dirisha la kulipia maji. Akamwambia, "Ya pili iko kwangu. Ukiipenda, njoo uinunue."

Msusi anakumbuka. "Nilimcheka," ameniambia. "Nikamwuliza, dada, unataka nitembee kama niliyetoka kwenye ugomvi? Akaniambia, 'Mabango yangu mimi yana miguu.' Basi nikavaa. Siku tatu nzima wateja wananiuliza nyingine iko wapi. Siku ya nne nikafunga saluni, nikaenda mwenyewe kuifuata."

Moja moja, wasikilizaji. Ndivyo alivyojitangaza. Hereni moja ilitoka, na mtu akarudi kuifuata ya pili. Kwa njia hiyo alisomesha binti yake mpaka akawa muuguzi.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwenye duka la urembo, lile lenye vioo kwenye jengo jipya, aliiona hereni ya msusi. Akamwita Upande. Akamwambia alete mitindo yake yote aitazame, huenda akaiuza dukani. Upande hakulala kwa furaha. Asubuhi akapanga mitindo arobaini na miwili kwenye kisanduku. Akapanga kwa mazoea yake: moja moja. Za pili akaziacha nyumbani.

Binti yake alimkataza. "Nilimwambia, mama, wape jozi kwa maandishi au usiwape kabisa. Akanicheka. Akasema, 'Watarudi tu, mwanangu. Nani atauza hereni moja?'"

Hawakurudi. Mwezi wa tatu tangu siku ile, mitindo yote arobaini na miwili ilikuwa kwenye vioo vya duka, jozi kwa jozi, imetengenezwa kwa mashine, kila jozi kwenye kadi yenye jina la duka. Anayetaka kuiga hahitaji jozi. Moja inamtosha. Upande alilijua hilo siku ile, amesimama nje ya kioo na mkoba wake kwapani. Aliingia kuuliza. Mwenye duka akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, waya ni waya."

Lakini si hilo lililomvunja. Lililomvunja ni wateja wake mwenyewe. Walianza kumwambia, "Mama Upande, siku hizi unaiga za dukani?" Aliitwa mwigaji wa kazi ya mikono yake. Aliwaeleza. Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaenda zao dukani.

Mwaka jana, asubuhi moja, alikuja hapa redioni. Ndiyo, hapa. Alinikuta mapokezi nimeshika kikombe cha chai. Hakutaka fedha. Akasema, "Mwanangu, nitaje mara moja tu. Sema zile hereni zilianzia kwangu."

Nikamwambia, "Mama, matangazo yanalipiwa ghorofa ya pili."

Akanitazama. "Hilo si tangazo, mwanangu. Ni habari."

Nikamjibu, "Nitaona." Mnajua sisi watu wa maofisini tukisema "nitaona" tunamaanisha nini. Sikuona kitu. Nilipanda juu, nikasoma salamu za siku ya kuzaliwa na bei za magodoro. Miezi minane baadaye presha ilipanda akiwa mezani pake, na hakuamka tena. Leo nimemtaja nusu saa nzima, bure, na hanisikii. Nimeona aibu, na sitaki kuificha.

Nilipompigia binti yake kuomba ruhusa ya kipindi hiki, alikubali kwa sharti. Akasema, "Njooni, ingawa mmechelewa. Lakini msiseme mama alikuwa mvumilivu. Alikufa ana hasira, na alikuwa na haki nayo." Basi nimesema kama nilivyoagizwa.

Kwa binti yake, kwa dada yake, kwa msusi, na kwa wote waliomwita Upande, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu amekuomba umtaje na ukamwambia "nitaona", mtaje leo, kabla ya chakula cha mchana.

Limebaki jambo moja. Meneja ameniletea karatasi. Ni salamu za rambirambi kutoka duka lile la vioo. Zimelipiwa, ghorofa ya pili, kwa utaratibu. Mistari miwili ni ya pole. Mistari sita ni ya hereni mpya zilizoingia na saa za kufungua duka. Natakiwa kuzisoma.

Wasikilizaji wapendwa, nimezisoma. Nimezisoma kimya kimya, na muda wao umekwisha.