Nyundo na Vikombe Vikilia Pamoja

Aliyemwambia dada mtu habari hii ya seli mwanzo ni mdogo wake mwenyewe, anayesomea ubongo chuoni. Kesho yake angeieleza kazi yake mbele ya wasomi, na alitaka dada yake awepo. Dada mtu aliishia shule ya msingi. Atakaaje katikati ya watu wale bila kuelewa neno? Jioni ile, mtoto mgongoni na woga kifuani, alimpelekea mumewe chakula kijiweni. Mumewe, fundi viatu, walimwita Nyundo. Kando yake muuza kahawa aligongagonga vikombe kuita wateja, na benchini alikuwapo Antena, fundi redio, mtu asiyekosa la kusema.

Nyundo ndiye aliyeanza kujivuna: shemeji yake anasikiliza seli za ubongo zikilia kwa umeme wake mdogo, anatafuta zipi hulia pamoja.

— Hilo nalo la kusomea? Antena akasema. Seli zote zinanasa stesheni moja. Wahenga walisema, penye wengi pana mengi.

— Walikusudia mdomo wako, Nyundo akamjibu.

Muuza kahawa aliapa kwamba kahawa ndiyo inayoziamsha, maana haba na haba hujaza kibaba. Antena akapanda juu zaidi: watu wa benchi moja seli zao zimeungana, na mbwa wa mtaa wamo humohumo, ndiyo maana hubweka pamoja.

Mteja mmoja mgeni, mguu peku akisubiri kiatu chake, aliuliza taratibu:

— Mtajuaje kwamba zimepatana, si bahati tu?

Antena alichungulia kikombe chake kama jibu limezama humo.

Mke wa Nyundo alilijua jibu. Mdogo wake alimweleza asubuhi ile wakimwogesha mtoto. Akashikashika mbeleko, akainamisha macho.

— Sikilizeni nyundo na vikombe, akasema. Mara nyingi vinalia pamoja. Lakini kelele zikiwa nyingi, lazima zikutane. Hesabu mara hizo, kisha chukua milio ya vikombe, uisogeze kidogo, huu mbele, huu nyuma, ovyo tu. Hesabu inakutana na nyundo mara ngapi. Sogeza tena, hesabu tena, mpaka uchoke. Ikiendelea kukutana vilevile, ilikuwa bahati. Ikipungua sana kuliko mwanzo, basi pale kuna kupatana.

Nyundo alikuwa ameacha kugonga.

— Nani kakufundisha? mgeni akauliza.

— Mdogo wangu, akajibu, na safari hii hakuinamisha macho.

— Shemeji, hicho ndicho nilichokuwa nasema mimi, Antena akadakia. Wakamcheka mpaka mtoto akaamka. Muuza kahawa akainamisha birika, lilikuwa tupu.

Asubuhi dada mtu alimfunga mtoto mgongoni, akaenda chuoni. Ukumbini viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Akavipita vyote, akakaa mstari wa mbele.