Mama Onesmo na Kaburi la Wasiojulikana

Ndugu waombolezaji, mbele yenu amelala mama yetu Theopista Maige, mliyezoea kumwita Mama Onesmo, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1924 huku Ushirombo, binti wa mzee Maige na mama Zipora, akabatizwa parokiani, akasoma hadi darasa la pili, kisha akatolewa shule ili alee wadogo zake, jambo ambalo hakulisamehe hadi anafumba macho.

Mwaka 1943 alifunga ndoa na marehemu baba yetu Leodgar, wakajaliwa watoto sita, wanne tuko hai, wakalima pamba na mihogo kando ya lile tuta la mawe mnaloliona pale, walimozikwa watu wa kale ambao hakuna ajuaye kabila lao wala majina yao.

Mwaka 1975 lilikuja trekta la kijiji kusawazisha tuta hilo ili pamba iongezwe, naye marehemu, wakati huo mjane tayari, alipanda juu akaketi, jembe magotini, mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Mama Onesmo, shuka, hao si ndugu zako," marehemu akamjibu, "Na wewe ukishasahaulika, mwenye trekta atauliza ndugu zako ni akina nani?" Dereva alizima mashine. Kwa jibu hilo alinyang'anywa shamba lake la bondeni, akalima kwenye changarawe miaka yote iliyobaki, na radhi hakuomba.

Mwaka 1982 wachimbaji wa dhahabu walilibomoa tuta upande wa magharibi, wakaitupa mifupa njiani, marehemu akaiokota kwa khanga yake huku wakimcheka, akaifukia kwa mikono yake, kisha akasimama mdomoni mwa shimo na kuwaambia, "Anayetaka kuendelea, aanze na mimi." Hakuna aliyeanza.

Desemba 1986 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa Shinyanga, akapata nafuu, ila tarehe 9 Mei 1987 asubuhi alifariki nyumbani kwa binti yake Serafina, Ngokolo, mjini Shinyanga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngokolo, wakulima wenzake wa pamba, pamoja na dereva wa lori kutoka Isaka aliyemleta mama hadi hapa.

Na kwa wale walioanza kuulizana tangu jana kama sasa tuta litalimwa, familia inawajibu mchana huu, mbele ya jeneza, kwamba halitalimwa.

Mama, Mungu akupe amani, zamu ni yetu.