Presha ya Kilimani

Pale njia panda ya Ngana kuna kijiwe ambacho wenyewe hukiita Bungeni, kwa sababu watu wanaongea sana na hakuna anayesimama. Benchi ni ubao mmoja uliong'olewa kwenye mtumbwi mbovu. Mwenye birika la kahawa ni Asajile, aliyewahi kufundisha timu ya kata mechi mbili tu, akabaki na jina la Kocha. Godwin wanamwita Profesa. Hufika kabla maji hayajachemka na huondoka vikombe vikishaoshwa. Jumanne hiyo alifika Hezroni, ambaye miguu yake imempa jina la Injini. Alikuwa akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Akaketi, akakataa kikombe.

— Injini, unaumwa? — Kocha aliuliza.

— Nimepimwa presha kule sokoni, kwenye hema la manesi. Mia na themanini na nane.

— Ya juu au ya chini?

— Ya juu. Ya chini sikuisubiri.

Hakuwa akitania. Mwaka juzi kaka yake, Ezra, alianguka katikati ya mpunga, wakaambiwa ni presha. Njia nzima Hezroni alikuwa na kiganja kifuani, akisikiliza.

— Ulikuwa umebeba nini? — Profesa aliuliza, akikunja nne.

— Gunia la kakao. Nimepanda nalo kilima chote, nikalishusha, nikaingia hemani moja kwa moja.

— Basi ni hiyo kakao. Si mnaona ikifunikwa inavyochachuka mpaka inapata joto? Wewe umeivuta harufu yake miaka ishirini. Damu imechachuka, sasa inaumuka.

— Acha hizo! — Kocha alidakia. — Ni pedali. Kila akikanyaga, anaujaza moyo upepo kama tairi.

— Sasa upepo wenyewe unatokaje? — Hezroni aliuliza, tena kwa dhati.

— Kwa miayo. Piga kumi.

Akapiga saba. Wa nane ukagoma.

— Umeziba! — Profesa alipiga kelele. — Damu ilikwenda kichwani alipopanda kilima, haijui njia ya kurudi. Arudi kule juu, ateremke kinyumenyume.

Kocha alicheka mpaka akamwaga kahawa. Hezroni hakucheka. Alikuwa akiwaza atamwambiaje mkewe, Beatrice, na baiskeli amwachie nani.

Hoja ya kinyumenyume ilikuwa bado inajadiliwa alipotokea Kisa, nesi wa lile hema, mkoba begani, jasho usoni.

— Baba, mbona ulinikimbia? Nilikwambia ukae upumzike, nipime tena.

— Ya nini tena, mwanangu? Si imeshapanda?

— Ilipaswa kupanda! Ulikuwa umetoka kupandisha gunia kilimani. Moyo ukifanya kazi nzito, presha hupanda. Ukipumzika, inatakiwa ishuke. Ikikataa, hapo ndipo tunapata wasiwasi. Umekaa hapa muda gani?

— Nusu saa nzima — Kocha alimjibia.

Kisa akamfunga mkanda mkononi, akawanyamazisha wote. Mkanda ulivimba, ukapumua. Hezroni alifumba macho.

— Mia na ishirini na sita kwa sabini na nane. Moyo wako umezoea kazi, baba.

— Kaka yangu aliondoka kwa presha.

— Basi usiache kupima. Njoo kila baada ya miezi mitatu, ila uje umepumzika.

— Ndaga fijo, mwanangu — Hezroni alishukuru. Kisha akaagiza vikombe viwili, vyote vyake.

Kisa aliwageukia wale wengine.

— Na ninyi wazee wangu, za kwenu ni ngapi?

— Zetu zipi?

— Presha. Mkiwa mmekaa hivihivi.

Kocha akachungulia ndani ya birika. Profesa akatazama barabara ya kwenda Kyela, kama aliyeitwa na mtu. Miaka yote ile ya hotuba, hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa.

Hezroni alisogea pembeni, akampisha nesi nafasi kando ya Profesa. Na Profesa akaanza kukunja mkono wa shati.