Mafiga Juu ya Kilima cha Misheni

Benchi hili alilitengeneza marehemu mume wangu, kwa hiyo kila anayelikalia ni mgeni wangu, na mgeni wangu hunywa kahawa. Asiyekunywa asimame. Liko Rulenge, pale njia ya kupanda kanisa la zamani inapoachana na ile ya hospitali. Mimi ni Koleta. Wanaume wa kijiwe hiki hawajawahi kuniuliza nafikiri nini, lakini nawasikia wote, maana anayemimina kahawa haruhusiwi kuziba masikio. Jumamosi ile walikuwa wanne. Mihayo, tunamwita Waziri, Msukuma aliyehamia Nyakahura na ng'ombe wake, halafu akahamia huku na maneno yake. William, katekista mstaafu, ambaye hata akiomba sukari huanza na "wapendwa". Mhoja, fundi wa kujenga, beleshi lake kati ya magoti. Na Nzeyimana, aliyekuja nchi hii na wakimbizi wa Burundi akabaki, tunamwita Bwana Pole kwa sababu hilo ndilo neno lake kwa kila jambo. Basi la mahujaji kutoka Mwanza lilikuwa limepita asubuhi hiyo. Walishaoneshwa boma la Mjerumani kule Biharamulo, sasa walikuwa kanisani juu, na wakishuka wangepelekwa kwenye yale mawe matatu ya kilimani, nyuma ya benchi langu. Hapo Mhoja angeyang'oa mbele yao, achimbe msingi, ayapandishe juu ya zege ili yapendeze kwenye picha. Kamati ya kijiji ilishapitisha, na saruji ilishafika.

Waziri: Mhoja, ukichimba pale, chimba taratibu. Mjerumani hakuwa mjinga. Alipokimbia boma alikuwa na masanduku ya rupia. Unadhani alikimbia nayo kichwani?

Mhoja: Mimi nimeambiwa msingi. Habari za rupia sijaambiwa.

Waziri: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana watu wote wanaofika pale wanapiga magoti.

Katekista: Wapendwa, aibu! Pale padri wa kwanza alisoma Misa ya kwanza, kabla Rulenge haijaona tofali. Aliweka ubao juu ya mawe matatu, na ubao ukawa altare. Matatu, Waziri. Utatu Mtakatifu. Hata wahenga walilijua hilo: jifya moja haliinjiki chungu.

Waziri: Wahenga walikuwa wanaongea habari za mboga, Katekista.

Katekista: Chungu ni roho ya mwanadamu.

Mhoja: Na mboga?

Katekista: Dhambi.

Nikawaambia mimi nimepika tangu utoto, na mawe matatu yaliyokaa vile, yameinamiana, mengine yamepasuka kwa moto, kwetu huitwa mafiga. Waziri akasema, "Koleta, wewe kila kitu unakiona jikoni." Wakacheka. Bwana Pole hakucheka. Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, na mtu anayeacha kahawa yangu ipoe mimi humtazama mara mbili.

Waziri: Basi kama si rupia, ni kaburi la mtemi. Ng'ombe wangu nikiwapitisha pale hawainamishi kichwa kula. Ng'ombe anajua utawala.

Mhoja: Mie nimesikia mvua ikinyesha Rulenge nzima, pale panabaki pakavu.

Katekista: Na yule mama wa Runazi, aliyekaa miaka kumi na miwili bila mtoto? Aliyakalia mawe yale Ijumaa Kuu, akazaa mapacha.

Waziri: Unaona? Mawe yale yanatembea pia. Nilipokuja yalikuwa karibu na barabara. Sasa yamepanda.

Mhoja: Yamepanda kwenda wapi?

Waziri: Haba na haba hujaza kibaba. Yatafika tu.

Wakati huo akaja mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga ya jumuiya juu ya gauni, rozari mkononi. Alikuwa wa lile basi. Alisema magoti yamemkatalia kupanda mnara wa kengele, akaomba akae. Wote wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema anaitwa Magdalena. Nikammiminia. Akauliza mazungumzo yalikuwa ya nini, nami nikamwambia ni ya mawe anayokwenda kuoneshwa.

Magdalena: Hayo dada anayetuongoza ametusimulia njiani. Amesema ni mahali patakatifu, na ushahidi ni kwamba magugu hayaoti pale.

Katekista: Ndiyo! Hilo nilitaka kulisema mwisho. Kilima kizima ni magugu mpaka kiunoni, lakini kati ya mawe yale hakuna hata jani. Mvua za vuli, mvua za masika, peupe. Nani anapalilia? Niambie wewe, Mhoja, nani anapalilia?

Bwana Pole: Mimi.

Hakuna aliyemgeukia mara moja. Walidhani amesema pole.

Katekista: Wewe nini?

Bwana Pole: Ninapalilia mimi. Alfajiri, kabla sijakwenda shambani.

Waziri: Loo, Bwana Pole! Kumbe wewe ndiye malaika.

Bwana Pole: Mhoja, usiyang'oe yale mawe.

Mhoja: Mzee wangu, mimi natumwa tu.

Bwana Pole: Najua. Usiyang'oe.

Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilimfahamu miaka mingi akisema pole kwa mvua, pole kwa kuku wa jirani walioingia shambani mwake, pole hata kwa mtu aliyemkanyaga yeye. Sasa alikuwa anakataza. Mhoja akaliondoa beleshi kati ya magoti, akalilaza chini ya benchi.

Bwana Pole: Koleta amesema kweli. Ni mafiga. Mke wangu Mukeshimana ndiye aliyeyapanga. Mwaka tulipokimbia Burundi, watu walikuwa wengi, kila mtu alijishikiza alipopata. Sisi tulipata pale kilimani. Turubai hazijaletwa. Mke wangu alikuwa amejifungua njiani, mtoto wa kiume. Akaokota mawe matatu, akabandika maji, ili angalau mtoto aoshwe kwa maji ya moto kama watoto wa watu.

Katekista alikuwa ameshavua kofia. Sijui aliivua saa ngapi.

Bwana Pole: Ile baridi ya huku ya alfajiri mnaijua. Ilimshika kifua. Alipofariki nikataka kumzika kule chini, ambako wengine walikuwa wanazikwa. Mama yake akakataa. Akasema, asilale penye baridi tena. Tukazima moto, tukaondoa majivu, ardhi ilikuwa bado na joto. Nikachimba palepale, kati ya mafiga. Kisha yakaja malori kutupeleka kambini. Mafiga mtu hahami nayo, huyaacha. Basi nikajua nitayakuta.

Waziri: Wahenga walisema...

Akaacha. Tangu nimjue, sijamsikia Waziri akiacha methali katikati.

Katekista: Bwana Pole. Ndugu yangu. Mimi nimesimama mbele ya watu nikawaambia pale ndipo pa Misa ya kwanza. Kwa nini hukunikataza?

Bwana Pole: Mwanzo niliogopa. Mkimbizi na kaburi katika ardhi ya watu, utasema nini? Wangesema ondoa mifupa yako. Nikawa napalilia tu, navua kofia, naondoka. Watu wakaniona navua kofia, na wao wakaanza kuvua. Kuna aliyepita akapiga ishara ya msalaba. Halafu yakaanza kuja mabasi. Nikamwambia mama yake, mtoto wetu anapigiwa magoti na watu wa Mwanza, wa Bukoba, wenye viatu vizuri. Wanamkumbuka padri wa kwanza, lakini aliyelala pale ni yeye. Nitawaambiaje waache? Pole, Katekista. Uongo wako ulimfaa.

Katekista: Haukuwa uongo. Niliamini.

Bwana Pole: Najua. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kukusikiliza.

Nililia, sina haja ya kuficha. Nina watoto watano, na wote waliogeshwa kwa maji ya moto ndani ya nyumba yenye mlango.

Mama Magdalena alikuwa ameishika rozari, punje moja kati ya vidole.

Magdalena: Baba, kule kanisani nimewaombea mapadri waliozikwa, mmoja mmoja, maana misalaba ina majina. Huyu mtoto nimtaje nani?

Bwana Pole: Hana jina.

Magdalena: Hana?

Bwana Pole: Kwetu mtoto hapewi jina siku ya kuzaliwa. Hukaa ndani na mama yake mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo majirani wanakuja, pombe inaletwa, mtoto anaoneshwa mwanga, ndipo baba anamwita. Sisi hatukuwa na ndani. Mtoto aliye nje tayari, unamtoa wapi umpeleke wapi? Nikasema nitangoja. Nikijenga hata kibanda cha nyasi, aingie, alale humo, kisha nimtoe, nimwite. Nyasi nilikuwa nimeshaanza kukata.

Katekista: Tumpe leo. Tutazame ni sikukuu ya mtakatifu gani.

Mhoja: Au aitwe la baba yake.

Waziri: Mimi natoa beberu kwa sherehe. Mbele ya mashahidi hawa. Natoa beberu.

Bwana Pole: Asanteni. Lakini jina huitwa mtu akageuka. Nikimwita sasa, nani atageuka?

Kule juu tukasikia sauti za mahujaji wakianza kushuka, wanaimba. Mbele yao alikuwa yule dada kiongozi wao, Joyceline, kofia ya njano, kitambaa cha njano juu ya fimbo. Katekista akasimama. Akasema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha yule binti habari za Misa ya kwanza, kwa hiyo yeye ndiye wa kumfundisha upya, na wajumbe wa kamati atawafuata mpaka majumbani kwao, leo hii, kabla ya chakula. Akapanda kuwakabili, kofia bado mkononi. Mhoja akamfuata, akaenda kukaa juu ya mifuko ya saruji kama mtu anayezuia kuku wasidonoe mahindi. Nikaona basi, kwa upande huo limekwisha. Yule mtoto hatachimbuliwa.

Lakini Mama Magdalena alikuwa bado anamtazama Bwana Pole.

Magdalena: Na mama yake?

Bwana Pole: Yupo. Yuko shambani, anapalilia maharage.

Magdalena: Wewe hukumwita. Mama yake naye, muda wote amembeba, amemnyonyesha, amemwosha kwa yale maji, alikuwa anamwita nani?

Mimi, niliyezaa watano, nilijua kwamba jina lipo, maana hakuna mwanamke anayemnyonyesha mtoto akimwita "wewe". Lakini lililo la Mukeshimana silijui, na hapo kijiweni hakuna aliyelijua.

Bwana Pole: Huwa anaongea peke yake jikoni. Nikiingia hunyamaza.

Magdalena: Hujamuuliza?

Bwana Pole: Jina ni kazi ya baba. Nilidhani nikimuuliza, nitakuwa namkumbusha kwamba sikuifanya.

Akainuka. Hakusema pole kwa mtu yeyote. Alishuka njia ya mashambani haraka, mzee yule, mpaka kandambili moja ikamtoka akarudi kuichukua, kisha akazivua zote mbili akazishika.

Mahujaji walifika, wakasikia. Wengine walipanda kilimani bila simu mkononi, wakarudi. Joyceline alikuwa amelia, kofia yake ya njano ameikunja kwapani. Dereva akapiga honi, Rusumo ni mbali na walitaka kuyaona maporomoko kabla jua halijageuka. Watu wakapanda basi. Kiti kimoja kikabaki kitupu.

"Mama, tunaondoka," Joyceline akamwita kutoka mlangoni.

Mama Magdalena alikuwa bado benchini, punje ileile kati ya vidole, anatazama njia ya mashambani.

"Nendeni, mwanangu," akasema. "Mimi nangoja jina."