Kiwelshi Hadi Al Qusais

Mama mwenzangu uliye mbali na wanao, sikia yaliyomkuta Auleria, aliyemwacha bintiye Tabora akaenda kufanya kazi ughaibuni. Kwenye metro, treni ya mjini, alimsikia yaya mmoja akimtambia mwenzake.

"Mtoto wa madam namfundisha vitenzi vya Kiwelshi, lugha ya bibi yake. Dw i'n dysgu, ninajifunza. Rwyt ti'n dysgu, unajifunza. Akikosea, namrudisha mwanzo."

"Kumbe umekuwa ticha, Loise," mwenzake akamcheka. "Na wako yuko gredi ya ngapi?"

"Ya pili." Loise akasita, akaanza kuhesabu kwa vidole miaka tangu aondoke Kitale. "Ngoja. Ya nne?"

Treni iliposimama Al Qusais, Loise alishuka bado akihesabu. Auleria akajitazama, akakuta naye amekunja vidole vitatu.